Mizani ya Ghala Namba Nne

Kwenye bamba la shaba, chini ya grisi na vumbi la kahawa,
jina la kiwanda limefutika.
Namba imebaki:
15485863.

Mimi ni mlinzi wa usiku, ghala la kahawa, jirani na reli, Moshi.
Nina rungu, tochi, filimbi
na daftari la kuandikia magari yanayoingia.
Usiku hakuna gari linaloingia.

Basi nikaanza, mchezo tu.
Mbili ikakataa. Tano ikakataa.
Nikajumlisha tarakimu, arobaini; tatu nayo ikarudi mikono mitupu.
Saba iliingia mpaka nikashika pumzi,
ikabaki moja.
Moja! Kama gunia lililokosa nafasi kwenye lori
na wingu limeshatanda.
Kumi na moja, baki nane.
Kumi na tatu, baki tatu.
Kumi na saba, baki mbili, na jogoo wa Njoro akawika.

Nikapiga hesabu ya safari nzima:
kipeuo chake cha pili ni elfu tatu mia tisa thelathini na tano na ushee.
Kama ina kigawo, kilicho kidogo hakiwezi kujificha ng'ambo ya hapo.
Namba tasa za kujaribu: mia tano arobaini na sita.
Saba kila zamu.
Zamu sabini na nane.

Tasa.
Neno hilo nilifundishwa darasa la tano,
nikafundishwa tena ukweni, kwa sauti ya chini, jikoni.
Darasani lilikuwa na maana nzuri zaidi.

Elisaria wa ghala namba mbili alikuja kuomba kiberiti.
"Unailinda namba isiibwe?"
Nikamwambia ninatafuta inapopasuka.
"Wewe si unakaa Pasua? Ungeipeleka huko."
Akacheka peke yake mpaka getini.

Zamu ya tano nilikutana na mia moja thelathini na moja,
ile iliyomo ndani ya mlima:
tisa mara tano mara hiyo, ndiyo mita 5895 za Kibo.
Nilidhani yenye kuupasua mlima itaweza na bamba la shaba.
Baki tisini na moja.

Zamu ya arobaini na moja nilipiga filimbi.
1861 iliingia mara 8321, baki sifuri!
Elisaria akaja mbio na rungu, "Wako wapi?"
Nikamwonyesha daftari.
Sitayaandika hapa aliyoyasema.

Asubuhi, kabla ya kukabidhi funguo, nikazidisha kurudi nyuma,
kama Bwana Temba anavyohesabu magunia mara ya pili
bila kumshuku mtu.
Zilipungua 482.
Nilikuwa nimepoteza mkopo kwenye kutoa, usingizi ukaula.
Nikachora mstari juu ya furaha yangu
na kuanza 1867.

Mvua za masika zilikuja, zikapita.
Zamu ya mwisho, namba ya mwisho, 3931:
baki 1654.
Nilikaa kimya. Hakuna aliyeuliza.
Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mwalimu Aikaeli, aliyeleta kahawa ya shemeji yake,
aliiandika kwenye kiganja akaondoka nayo.
Juma lililofuata akarudi: ukizipanga tasa zote kuanzia mbili,
hii inasimama ya milioni.
Milioni kamili. Kompyuta ya shule imehesabu.
Nikamwuliza, kabla yake wako wangapi?
Akanitazama kuona kama natania.

Mwezi wa nane ililetwa mizani ya betri, yenye namba nyekundu zinazomeremeta.
Ile ya zamani ikauzwa chuma chakavu.
Walinzi tuliambiwa tugawane hela ya soda.
Wakaivuta juu ya mizani mpya, bamba likiwa bado limeng'ang'ania,
na zile nyekundu zikacheza, zikatulia:
kilo mia mbili arobaini.
Kwa mbili inakubali. Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita,
kwa nane, kwa kumi, kwa kumi na mbili,
kwa yeyote aliyenyoosha mkono.